Ligi za Mbio Huja kwa Kishindo

Ukitaja ligi hapa Sigowet, Kericho, vijana watakutajia Arsenal na Gor Mahia. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye shamba dogo la chai, na nikisikia neno hilo huwaza mbio, maana ndizo zilizoitangaza Kericho kabla ya kitu kingine chochote isipokuwa majani chai.

Tarehe 16 Oktoba 1964, jijini Tokyo, Wilson Kiprugut arap Chumo, askari na mwana wa Kericho, alimaliza wa tatu katika mita 800, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Uhuru wa Kenya ulikuwa haujatimiza mwaka, nasi tukapata medali yetu ya kwanza ya Olimpiki. Mexico, mwaka 1968, aliongoza mpaka karibu na utepe, ndipo Ralph Doubell wa Australia alipompita. Doubell alifikia rekodi ya dunia, 1:44.3. Wetu alikimbia 1:44.5.

Kwa medali zote mbili hakuruhusiwa kulipwa hata senti. Olimpiki ilitaka wanariadha wa ridhaa. Kilichomlisha ni mshahara wa jeshi. Ndiyo maana nashikilia kwamba ligi yetu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kambi: jeshi, polisi, magereza. Mkimbiaji alipewa sare, nyumba, muda wa mazoezi na, uzeeni, pensheni. Haikuwa na shamrashamra, lakini mwisho wa mwezi ulifika.

Marekani walijaribu njia nyingine. Mike O'Hara, aliyekwisha kushiriki kuanzisha ligi za kikapu na hoki, alianzisha ligi ya mbio za kulipwa, International Track Association, mwaka 1972. Mkimbiaji wetu Kipchoge Keino akaingia. Mwenzake Ben Jipcho naye akaingia baada ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch, mapema 1974, alikonyakua dhahabu mbili na shaba. Watu walinong'ona kwamba amejiuza, kwani aliyeonja fedha zile alifungiwa mlango wa Olimpiki. Ligi yenyewe ilizimika mwaka 1976. Na mwaka huohuo Kenya ikasusia Michezo ya Montreal, hivyo hata waliobaki wa ridhaa hawakukimbia! Sijawahi kumlaumu Jipcho.

Kanuni za ridhaa zililegezwa kuanzia 1982, na fedha zikahamia barabarani. Mzaliwa wa Kericho, Joyce Chepchumba, alishinda London Marathon ya 1997 kwa kumtangulia Liz McColgan kwa sekunde moja tu. Kwetu wasichana wakaanza kuonekana alfajiri barabarani, na wazazi wakaacha kuuliza wanakwenda wapi.

Mwaka 2025 mkimbiaji wa zamani Michael Johnson akaleta ligi ya Grand Slam Track, na dola 100,000 kwa mshindi wa kila kundi la mbio. Wakakimbia Kingston, Miami na Philadelphia. Mashindano ya Los Angeles yakafutwa, na wanariadha wakabaki wakidai malipo yao. Mkulima anayengoja bonasi ya chai anaijua hali hiyo vizuri kuliko wakili yeyote.

Kwa hiyo wewe kijana wa Sigowet utakayeitwa na ligi mpya, nenda, miguu ni yako. Ila kabla ya kutia sahihi uliza fedha ziko benki gani, nani amezidhamini, na zitalipwa tarehe ngapi. Na kama una kazi polisi, usiiache mpaka fedha za kwanza ziingie kwenye akaunti.