Dakika Tano

Kanisani tumezoea kumsifu mtu asiyeangalia saa akiwa kazini. Tunasema huyo ni mwaminifu. Lakini wako ndugu zetu katika imani waliopigania saa hiyohiyo iangaliwe.

Mwaka 1830, kaskazini mwa Uingereza, Richard Oastler alikuwa akipinga utumwa wa ng'ambo. Rafiki yake John Wood, mwenye kiwanda cha sufu mjini Bradford, akamfumbua macho: watoto walikuwa wakitumikishwa viwandani jirani tu na kwao, na Wood hakujitoa katika lawama hiyo. Oastler akaandika gazetini kwamba Yorkshire nako kuna utumwa. Mapambano yakachukua miaka 17, hadi sheria ya saa kumi kwa wanawake na vijana ilipopita mwaka 1847. Katika walioipinga bungeni alikuwamo John Bright, mwenye kiwanda na muumini wa Kanisa la Marafiki. Hilo linatuuma, lakini tusilifiche.

Sheria ile ilitaja idadi ya saa, ila mlango ulibaki wazi. Baadhi ya wenye viwanda waliwaita na kuwaachia wafanyakazi kwa vipande vipande kutwa nzima, mkaguzi asijue nani amefanya saa ngapi. Mwaka 1850 ikawekwa kwamba kazi ianze saa 12 asubuhi na iishe saa 12 jioni, mapumziko yakiwamo ndani yake. Kazi halisi iliongezeka nusu saa kwa siku, bei chungu, lakini sasa kila mtu alijua mwisho uko wapi.

Hata hapo wakaguzi walikuta mashine zikiwashwa dakika chache mapema na kuzimwa zimechelewa. Tupige hesabu: dakika 5 kwa siku, kwa siku 300, ni saa 25.

Kwetu Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu. Wengi wetu tumewahi kuambiwa "tumalizie tu hiki", tukafika nyumbani watoto wamelala, na mwisho wa mwezi tusione kitu. Tulinung'unika, tena kwa haki, tukiwa na Yakobo 5:4 mdomoni.

Ila nasi ni waajiri. Dada anayetusubiri turudi kutoka ibada ya jioni ili atupakulie chakula, kazi yake huisha saa ngapi?