Kidole, Meno na Komeo: Rivolva Zilizopita Uzaramo

Mwishoni mwa Juni 1857, wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, wakaingia Uzaramo kwa njia ya misafara iliyofuata bonde la Ruvu, mto ambao Wazungu wa wakati ule waliuandika Kingani. Sisi wakazi wa Maili Moja, Kibaha, tunalikuta bonde hilo tukishapita Mlandizi. Walinzi wao Wabaluchi, waliotolewa na Sultani Majid wa Zanzibar, walibeba bunduki za mrao. Utambi unafuka moto taratibu, ukivuta kifyatulio unainama kwenye kifa, baruti inashika. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha zaidi ya miaka 100 kabla. Katika msafara huohuo, kwenye mizigo ya mabwana wawili, zilikuwamo rivolva na kabini ya Colt yenye silinda ya kuzunguka. Ungewapanga watu wale mstari mmoja, ungeona karne kadhaa za ufundi wa bunduki zikikanyaga vumbi lilelile.

Mimi ni fundi vyuma. Nilianzia pale TAMCO miaka ya 1980, tulipokuwa tunaunganisha malori ya Scania, na sasa nina karakana yangu hapa Maili Moja. Bunduki sina na sikuwahi kuitamani. Ninachokipenda ni kuona jinsi vipande vichache vya chuma vinavyoelewana ndani ya mkono mmoja, na katika vitu vyote vya karne ya 19 ambavyo ningeweza kumwonyesha kijana anayejifunza kazi, rivolva ya kale ndiyo ningeitanguliza. Kila moja ina swali lilelile la kujibu: utawezaje kuleta tundu lenye baruti nyuma ya mtutu, likae sawasawa, lisitikisike hata kidogo moto unapowaka, kisha lipishe jingine?

Jibu la Samuel Colt, aliyepata hataza yake Marekani Februari 1836, liko katika vitu vitatu. Nyuma ya silinda kuna meno. Ukivuta nyundo kwa dole gumba, kidole cha chuma kilichofungwa kwenye nyundo kinapanda na kusukuma jino moja, na silinda yenye matundu sita inageuka sehemu moja ya sita. Mwendesha baiskeli anaijua kazi hiyo kwenye friwili: meno yanakubali upande mmoja na kukataa wa pili. Hapo chini kuna komeo dogo linaloruka na kuingia kwenye kijishimo ubavuni mwa silinda, kila tundu na chake. Kidole kikisukuma kupita kiasi, komeo linazuia. Kikisukuma pungufu, komeo halipati shimo, na risasi itagonga ukingo wa mtutu badala ya kupita katikati. Mtutu wenyewe umeshikwa na kabari tu, igonge kwa kipande cha mbao bastola inaachana vipande vitatu. Kwa fundi wa safarini hilo ni jambo la kushukuru, ila kabari ikilegea, kila kitu kinalegea nayo.

Robert Adams wa London alilijibu swali kwa njia nyingine mwaka 1851. Fremu yake na mtutu ni pande moja la chuma lililofuliwa pamoja, na nyundo haina hata pa kushikia. Unavuta kifyatulio tu. Mvuto mmoja huo unainua nyundo, unageuza silinda yenye matundu matano, unaifunga, kisha unaiachia nyundo. Ni haraka kuliko Colt, lakini kifyatulio ni kizito na mkono unayumba. Mwaka huohuo Colt na Adams walionyesha kazi zao kwenye maonyesho makubwa ya Hyde Park, na Waingereza wakaanza kubishana ni ipi bora.

Speke alikuwa na jibu la kwake, na alilipata kwa maumivu. Usiku wa 19 Aprili 1855, huko Berbera kwenye pwani ya Wasomali, kambi yake na Burton ilivamiwa. Luteni Stroyan aliuawa, mkuki ukapenya mashavu ya Burton kutoka upande huu hadi ule, na Speke akatoka na majeraha 11. Alisimulia mwenyewe kwamba alimwekea mvamizi mmoja bastola yake ya Adams kifuani, akavuta, isilie, kwa sababu silinda ilikuwa imekwama. Ninapofika hapo kwenye simulizi yake huwa naiona karakana. Silaha za enzi ile ziliwashwa kwa fataki, kofia ndogo ya shaba iliyovishwa kwenye kifa cha kila tundu. Fataki ikilipuka hupasuka, na kipande kikidondoka kati ya silinda na fremu kinatosha kusimamisha kila kitu. Gobori la fataki lina kasoro hiyohiyo, ila kwake kipande kinaanguka chini, kwa sababu hakuna kinachozunguka. Miaka miwili baada ya Berbera Speke alipita bonde la Ruvu akiwa amejifunza kitu ambacho muuzaji wa bastola wa London hakuwa na haja ya kumwambia.

Hitilafu ya pili ilikuwa moshi na moto. Kati ya silinda na mtutu lazima pawe na uwazi, la sivyo silinda haigeuki, na uwazi huo unavujisha. Cheche ikiingia tundu la jirani, nalo linalipuka, ndiyo maana watu walikuwa wakipaka mafuta mazito juu ya kila risasi. Elisha Collier aliliona tatizo hili mapema, mwaka 1818, kwenye rivolva yake ya gumegume. Silinda yake haikuzungushwa na kidole. Uliirudisha nyuma kwa mkono, ukaigeuza, ukaiachia springi iisukume mbele hadi mdomo wa tundu uvae mwisho wa mtutu kama kofia. Miaka 77 baadaye Nagant wa Liège, Ubelgiji, aliwauzia Warusi wazo hilohilo likiwa limekomaa. Ukiinua nyundo ya Nagant ya 1895, silinda yenye risasi saba inageuka kisha inasogea mbele yenyewe, na mdomo wa ganda refu la risasi unaingia ndani ya mtutu. Moto unapanua ganda, uwazi unazibwa kabisa. Ni kazi nzuri mno, na ina vipande vingi kuliko ninavyopenda.

Nyingine zilikuwa za ajabu zaidi. LeMat, daktari wa New Orleans, alitengeneza mwaka 1856 silinda ya matundu tisa inayozunguka mtutu wa pili, mnene, wa marisawa. Ncha ya nyundo ilipinduliwa kwa kidole ichague ni upi wa kulipua. Lefaucheux wa Paris aliweka fataki ndani ya ganda la shaba na kuchomeka kijisumari pembeni, nyundo ikakigonga kutoka juu. Shaba hiyo iliziba moto vizuri, lakini misumari ilichomoza ukingoni mwa silinda, na kuigonga kwa bahati mbaya kulikuwa hatari. Halafu Fosbery, ofisa Mwingereza, ambaye kampuni ya Webley ilimtengenezea rivolva yake mwaka 1901: sehemu nzima ya juu inateleza nyuma kwa mshindo, na kipini kinachotembea ndani ya mifereji ya zigizagi iliyochongwa ubavuni mwa silinda kinaigeuza nusu ya hatua ikienda, nusu ikirudi. Ukiishika kwa ulegevu, haifanyi kazi. Tope likiingia mifereji, vilevile. Kuchonga mifereji ile kwenye mashine ya zamani kulihitaji mtu mwenye mkono mtulivu, na mtu huyo namheshimu kuliko Fosbery.

Iliyofika huku na kukaa ilikuwa nyingine kabisa. Wajerumani walikuja na rivolva ya jeshi lao ya 1879 na ile fupi ya 1883: milimita 10.6, matundu sita, karibu kilo moja ya chuma, nyundo lazima uivute kwa mkono. Haina hata kitu cha kutolea maganda. Askari alifungua kilango cha kulia, akayasukuma moja moja kwa kijiti, wakati tangu 1870 Smith & Wesson wa Marekani walikuwa na bastola inayokunjuka na kumwaga maganda yote mara moja. Wengi waliicheka. Mimi naiona kuwa na akili. Vipande vichache, vinene, vya kufunguliwa na kufungwa na mtu asiye fundi, na ndiyo maana iliendelea kutumika makoloni baada ya jeshi la Ujerumani kuhamia bastola ya Luger mwaka 1908.

Mwafrika wa kawaida alizuiwa kuvipata vitu hivi. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia bara kwa mwaka kupitia pwani hii. Mataifa ya Ulaya yakakutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 yakatia saini mkataba uliozuia silaha kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini mwa Ikweta. Kilichoachwa mlango wazi ni bunduki ya gumegume isiyo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa hiyo mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka Umatumbi na kuifikia Uzaramo ya Kibasila, ambaye jina lake limebaki kwenye shule ya sekondari Dar es Salaam, watu walikwenda na mikuki, mishale na magobori mbele ya bombomu. Ucheleweshaji ule uliandikwa kwenye karatasi, na wahunzi wetu ndio wanaobebeshwa lawama ya kuwa nyuma. Siikubali. Mhunzi aliyekuwa akirejesha uhai wa springi ya mtambo wa bunduki kwa makaa na mafuta, bila kipimo chochote cha joto, angeelewa kidole na meno ya Colt mchana mmoja kama angewekewa mezani.

Sheria yetu ya udhibiti wa silaha ya 2015 ni kali, na inafaa iwe kali. Lakini magobori na rivolva kuukuu zinazosalimishwa polisi zingeweza kuzibwa mtutu milele, kukatwa ubavu kwa msumeno, na kuwekwa kwenye vioo vya vyuo vya ufundi, na Kibaha tuna wanafunzi wa kutosha. Kijana aone komeo likiruka na kuingia kwenye kijishimo chake. Apewe kipande cha chuma na tupa, aambiwe achonge jingine linalokaa sawa.