Electric Apricot: filamu inayowacheka wapiga jamu na mashabiki wao

Wapo mashabiki wa muziki Marekani wanaoweza kukwambia wimbo fulani ulipigwa usiku gani, katika mji gani, ulidumu dakika ngapi na mpiga gitaa alikosea wapi. Watakwambia pia kwamba kosa hilo ndilo lililoufanya usiku ule uwe wa pekee. Mwaka 2006 filamu moja ya vichekesho iliamua kuwacheka watu hao pamoja na bendi wanazozifuata. Inaitwa Electric Apricot: Quest for Festeroo, na aliyeiandika na kuiongoza, Les Claypool, ni mmoja wao.

Katika makala haya tunaeleza bendi hizo ni za namna gani, filamu inazicheka kwa lipi, na kwa nini mzaha wa mtu wa ndani ya nyumba ni tofauti na mzaha wa mpita njia.

Jamu ipi hii?

Si ile ya kupaka kwenye mkate. Wanamuziki wa jazi na roki wa Marekani hutumia neno hilo kwa kitendo cha kupiga pamoja bila kupanga: mmoja anaanza, wengine wanasikiliza na kujibu, na wimbo unakwenda unakotaka kwenda. Bendi ya jamu ni ile iliyofanya kitendo hicho kuwa ndiyo kazi yake kuu. Wimbo una mwanzo unaojulikana na mwisho unaojulikana, lakini katikati kuna uwanja wazi. Wimbo uliorekodiwa studio kwa dakika tano unaweza kufika dakika ishirini jukwaani, na kesho yake usifanane na wa jana.

Msikilizaji aliyezoea muziki wa dansi wa Kongo anaweza kufikiria seben, pale uimbaji unapokoma na magitaa yanaposhika usukani. Ulinganisho huo unasaidia, ila kuna tofauti. Seben hubana mwendo ili watu wacheze, na mcheza dansi anajua inamtaka nini. Jamu ya Kimarekani inaruhusiwa kupotea njia. Wakati mwingine mwendo wenyewe unayeyuka, mpiga kinanda anatafuta sauti moja kwa dakika tatu, na hadhira inasubiri kwa subira. Ndipo mtu wa nje anapoanza kutazama saa, na ndipo mashabiki wanapofumba macho.

Chanzo kinachotajwa na karibu kila mtu ni Grateful Dead, bendi iliyoanza mwaka 1965 huko California ikiwa na mpiga gitaa Jerry Garcia. Katika miaka 30 ilifanya takriban maonyesho 2,300. Mwaka 1978 ilifika hadi Misri na kupiga karibu na mapiramidi ya Giza, ikishirikiana na mwanamuziki wa Kinubi, Hamza El Din. Baada yake walikuja wengi, na mashuhuri zaidi ni Phish, kundi lililoanza mwaka 1983 katika jimbo la Vermont.

Mashabiki wanaosafiri na kanda

Kwa kuwa hakuna maonyesho mawili yanayofanana, shabiki wa kweli haridhiki na moja. Maelfu ya wafuasi wa Grateful Dead, waliojiita Deadheads, waliifuata bendi kutoka mji hadi mji. Wengine waliuza chakula na fulana zilizotiwa rangi kwa kufungwa mafundo ili wapate pesa ya mafuta na tiketi ya kesho. Maegesho ya magari nje ya ukumbi yakawa soko, kijiji na mahali pa kukutana.

Bendi iliwaruhusu pia kurekodi. Bendi nyingi za zama hizo ziliwafukuza watu wenye vinasa sauti, lakini kuanzia mwaka 1984 Grateful Dead iliwatengea eneo lao rasmi ndani ya kumbi. Sharti lilikuwa moja: kanda zibadilishwe, zisiuzwe. Basi kanda zikazunguka nchi nzima kwa posta, kutoka mkono hadi mkono, na kila nakala ya nakala ikiongeza mvumo. Rekodi ya Mei 8, 1977, katika ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell ilipendwa mno kwa njia hiyo, hata Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha yake ya rekodi za kuhifadhiwa.

Hapo pana heshima kubwa, na pana pia kila kitu ambacho mchekeshaji anakihitaji. Watu wanaobishana juu ya usiku wa miaka mingi iliyopita, wanaozungumza kuhusu nishati na ulimwengu kana kwamba ni mambo ya bei ya unga, na wanaoamini kwamba dakika ya kumi na saba ndipo ukweli unapofunuka, ni vigumu kuwaacha bila kuwatania.

Filamu yenyewe

Electric Apricot ni bendi ya kubuni. Jina lake maana yake ni aprikoti ya umeme. Linafuata desturi ya roki ya miaka ya 1960 ya kubandika maneno yasiyohusiana, kwani Marekani iliwahi kuwa na bendi ya kweli iliyoitwa The Electric Prunes, yaani plamu kavu za umeme. Na aprikoti, kama ilivyo bahati, ni tunda zuri sana la kutengenezea jamu.

Filamu inajifanya kuwa ni makala ya kweli. Kamera inawafuata wanamuziki wanne katika safari ya kuelekea tamasha kubwa la Festeroo, ambako wanaamini watapata nafasi ya maisha yao. Jina la tamasha hilo linaichokoza wazi Bonnaroo, tamasha lililoanza mwaka 2002 kwenye mashamba ya Manchester, Tennessee, likiwa kimbilio la bendi za jamu na mashabiki wao. Njiani wanahojiwa, wanagombana, na wanaeleza falsafa ya muziki wao kwa uzito ambao muziki wenyewe hauubebi.

Claypool anaigiza mpiga ngoma, Lapland Miclovik, anayeitwa kwa utani Lapdog, yaani kijibwa cha kupakatwa. Huo ni mzaha wa kwanza kwa wanaomjua, kwa sababu Claypool ni mmoja wa wapiga gitaa la besi wanaosifiwa sana katika roki ya Marekani. Bendi yake, Primus, ndiyo iliyotunga muziki wa kufungulia katuni za South Park. Hapa ameweka besi chini na kujificha nyuma ya ngoma.

Mzaha wa pili ni wageni waliokubali kutokea kwa majina yao halisi. Yumo Bob Weir wa Grateful Dead, Mike Gordon wa Phish, na Warren Haynes, mpiga gitaa aliyejulikana kwa kazi zake na Allman Brothers Band na Gov't Mule. Wazee wa mila wenyewe wamekuja kushuhudia mila yao ikichekwa.

Uongo unaovaa nguo za ukweli

Mtindo huu wa filamu una historia, na sisi wa redio tuna sababu ya kuujua, kwa kuwa unaazima vifaa vyetu: mahojiano, sauti ya msimulizi, na mtu mzito anayetoa maelezo. Unafanya kazi kwa sababu msikilizaji amezoea kutuamini. Aprili 1, 1957, kipindi cha televisheni cha BBC, Panorama, kilionyesha familia ya Uswisi ikivuna tambi kwenye miti. Msimulizi alikuwa Richard Dimbleby, sauti iliyoheshimika mno Uingereza, na watazamaji wakapiga simu kuuliza mti huo unapandwaje.

Katika muziki, filamu iliyoweka kipimo ni This Is Spinal Tap ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Rob Reiner. Inahusu bendi ya kubuni ya Kiingereza ya roki nzito. Christopher Guest, Michael McKean na Harry Shearer walibuni sehemu kubwa ya mazungumzo papo hapo mbele ya kamera. Humo mna amplifaya yenye vitufe vinavyofika 11 badala ya 10, ili sauti iwe kubwa kwa moja zaidi. Humo pia mna pambo la jukwaani la mawe ya kale ya Stonehenge, lililotakiwa liwe na futi 18 likatengenezwa la inchi 18, kwa sababu aliyechora alikosea alama. Reiner amesimulia kwamba baadhi ya watazamaji wa mwanzo walimuuliza kwa nini asingechagua bendi inayojulikana.

Filamu hiyo iligusa pia jambo la jamu. Mpiga gitaa anapoondoka, waliobaki wanalazimika kujaza muda mbele ya watu waliokuja kwenye bustani ya burudani, na wanaamua kupiga jazi huru bila kujiandaa. Hadhira haifurahi. Tukio la dakika chache kwa Spinal Tap ndilo ulimwengu mzima wa Electric Apricot. Tofauti ni kwamba hapa hadhira inafurahi, na wewe mtazamaji ndiye unayebaki ukijiuliza kama ni wewe usiyeelewa.

Kwa nini yeye ana haki ya kucheka?

Claypool hakuyaona mambo haya dirishani. Mwaka 2000 aliunda kundi la Oysterhead pamoja na Trey Anastasio, mpiga gitaa wa Phish, na Stewart Copeland, mpiga ngoma wa The Police. Copeland ana uhusiano wake na bara letu. Albamu yake ya 1985, The Rhythmatist, ilitokana na safari zake Afrika na ilimshirikisha mwanamuziki wa Kongo, Ray Lema. Oysterhead ilimfikisha Claypool kwa hadhira ya jamu, nao wakampokea. Amepiga kwenye matamasha yao, amekula kwenye maegesho yao, na amepiga nyimbo ndefu kuliko zile anazozicheka.

Hilo linabadilisha ladha ya mzaha. Mtu wa nje angecheka nywele, nguo na moshi, kisha akaishia hapo. Mtu wa ndani anajua mahali panapouma: mwanamuziki anayeita uvivu wake uhuru, bendi inayohubiri umoja huku wenyewe hawasemezani, na shabiki anayesifu kila kitu hadi sifa yake ikakosa thamani. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ikiwa hadhira itashangilia chochote, mpigaji atajuaje alipofanya vizuri?

Kwa upande mwingine, mtu wa ndani anajua pia kwamba jambo lenyewe ni la kweli. Jerry Garcia alipofariki Agosti 9, 1995, akiwa na miaka 53, watu walikusanyika San Francisco na katika miji mingine kulia pamoja na watu ambao hawakuwafahamu kwa majina. Walikuwa wamepoteza mwanamuziki, na pia ratiba ya maisha, safari ya kila msimu, na mahali pa kuonana na marafiki. Filamu isiyojua hilo ingekuwa dharau tu.

Ukweli unapoushinda mzaha

Tatizo la kuzicheka bendi hizi ni kwamba zenyewe zilianza kujicheka mapema. Mpiga ngoma wa Phish, Jon Fishman, kwa miaka mingi amepanda jukwaani akiwa amevaa gauni, na hupiga solo kwa kutumia mashine ya kufyonza vumbi. Mwaka 1995 bendi hiyo ilicheza sataranji na hadhira yake kwenye ubao mkubwa, hatua moja moja, mji baada ya mji, na matokeo yakawa sare ya moja kwa moja. Usiku wa Desemba 31, 1999, huko Big Cypress, Florida, ilianza kupiga usiku wa manane na ikaendelea hadi jua kuchomoza. Mwaka 2017 ilifanya maonyesho 13 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, bila kurudia wimbo hata mmoja.

Mwandishi wa vichekesho akiyaandika hayo ataambiwa ametia chumvi. Ndiyo maana Electric Apricot haichekeshi zaidi pale inapokuza mambo, bali pale inapoyaacha kama yalivyo: wanaume wazima wanne ndani ya gari, wakijadili kwa dhati kabisa kama wimbo ulikuwa na roho au haukuwa nayo.

Pa kuanzia

Kwa msomaji anayetaka kuijaribu filamu hii, ushauri wetu ni kutanguliza muziki. Itafute rekodi ya Cornell ya 1977, chagua wimbo mmoja mrefu, na usifanye kazi nyingine wakati unausikiliza. Mfuate mpiga besi mwanzo hadi mwisho, kisha urudie ukimfuata mpiga gitaa. Kama itakuchosha, filamu utaipenda, kwa kuwa itasema uliyoyafikiri. Na kama dakika ya kumi na mbili itakukuta umesahau chai yako mezani hadi imepoa, filamu utaipenda zaidi, maana utakuwa miongoni mwa wanaochekwa.