Poda ya Betri, Kilima cha Ghana na Mzungu Aliyefika Kakamega

Ushawahi kupasua betri ya tochi ukiwa mtoto? Ile poda nyeusi iliyokuharibia nguo hadi ukachapwa, hiyo ni manganizi, imechanganywa na kaboni. Wengi wetu tunaijua hapo tu. Lakini betri ni kazi ndogo. Manganizi nyingi duniani inaenda kutengeneza feleji, kile chuma kigumu cha reli, meli na nondo za magorofa. Bila hiyo, salfa inabaki ndani ya chuma na kinapasuka kikipigwa kikiwa moto. Kwa hivyo nchi inayotaka mizinga lazima itafute manganizi kwanza.

Hapo ndipo Nsuta inaingia. Ni mji mdogo kusini magharibi mwa Ghana, karibu na Tarkwa, kilomita 60 hivi kutoka bandari ya Takoradi. Ukipita haraka unaweza kudhani ni vilima tu na msitu.

Sasa skiza hii ya mawe, msiruke. Zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita hapo palikuwa bahari yenye volkeno. Manganizi ikatua chini baharini pamoja na matope, ikafunikwa, ikakandamizwa, ikapikwa na joto la ardhi mpaka ikawa mwamba wa kijivu. Baadaye mwamba ukainuliwa, mvua na joto la tropiki vikaanza kuula kutoka juu. Maji yakabeba vitu vingine, manganizi ikabaki, ikashika oksijeni na kugeuka nyeusi. Yaani kilima kilikuwa na kofia. Juu, mawe meusi ambayo karibu nusu ya uzito wake ni manganizi. Chini, mwamba wa kijivu wenye kiasi kidogo zaidi. Kofia ndiyo mali rahisi, haihitaji akili nyingi, unachimba na kupakia.

Mwaka 1914 Albert Kitson, mkuu wa idara ya jiolojia ya koloni la Gold Coast, akaiona hiyo kofia. Na hebu angalia wakati. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vinategemea sana manganizi ya Urusi, kutoka Georgia, na ya India. Vita ya Kwanza ikaanza, Waturuki wakafunga njia ya Bahari Nyeusi, na mzigo wa Georgia ukakwama. Nsuta ilikuwa na bahati moja (ama mkosi, inategemea unauliza nani): reli ya kutoka Sekondi ilikuwa tayari inapita Tarkwa kubeba dhahabu. Kufikia 1916 mawe yalikuwa yanasafirishwa. Miaka miwili tu! Kwetu barabara ya mtaa inachukua zaidi ya hapo.

Vilima vyenyewe vikapewa majina mapya: A, B, C, D, E. Kilima kikishaitwa herufi, ujue kimeingia kwa daftari la mtu.

Kwa miaka mingi mgodi ulikuwa wa African Manganese Company, kampuni iliyokuja kuwa chini ya Union Carbide ya Marekani. Union Carbide ndio walikuwa wenye Eveready, ile ya paka, na ndio walianzisha kiwanda cha betri Nakuru mwaka 1967. Serikali ya Ghana ilichukua mgodi miaka ya 1970, na kufikia hapo kofia nyeusi ilikuwa karibu imeisha. Wakaachiwa mwamba wa kijivu. Mimi hapo ndipo roho huniuma. Miaka ya ukoloni ilikula nyama, uhuru ukaletewa supu. 1995 mgodi ukabinafsishwa, serikali ikabaki na asilimia 10, na tangu 2017 wenye hisa kubwa ni kampuni ya Kichina. Zaidi ya karne moja, na mawe bado yanateremka Takoradi yakiwa mawe.

Lakini mtu ninayemfuatilia mimi ni Kitson. Huyu jamaa alipita kila mahali. 1915 aliteremka mto Volta akaona pale Akosombo panafaa bwawa, na bwawa likaja kujengwa baada ya uhuru. Kisha, akiwa ameshastaafu, 1932 akaletwa Kenya. Kufanya nini? Kuangalia dhahabu ya Kakamega.

Mwaka 1930 serikali ya koloni ilikuwa imetunga sheria kwamba ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, lazima wapewe nyingine ya kiasi hicho hicho. Dhahabu ikapatikana. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa, ikawa ardhi inaweza kutengwa kwa uchimbaji, wenyewe walipwe pesa tu, na bila hata baraza lao kuulizwa kwanza. Ahadi iliishi miaka miwili. Wazee wa Kakamega hawakuhitaji digrii kuelewa hiyo, na mimi niliyeacha chuo pia naielewa.

Ndio maana nikisikia watu wakitaja Mrima, kule Kwale, masikio yanasimama. Kile kilima kina manganizi, kina niobiamu, kina yale madini adimu ambayo kila mtengeneza simu anayatafuta, na juu yake kuna msitu wa kaya ambao Wadigo wanautunza tangu zamani. Wanajiolojia wamekipima tangu enzi za mkoloni. Kwa hivyo watu wa Kwale, niambieni hapo chini: nyinyi bado mnakiita Mrima, ama kuna mtu ashakipa herufi?