Ethi, Ardhi na Hasi: Historia ya Istilahi Moja ya Magari katika Nyanda za Juu Kusini

Katika kukusanya istilahi za ufundi wa magari, tumekutana na neno lililotupa taabu kuliko mengine mengi, nalo ni lile ambalo mafundi wa Iringa na Mbeya hulitamka ethi. Wako waliotushauri tulikatae kwa kuwa asili yake ni Kiingereza, na mahali pake tuandike ama ardhi ama hasi. Sisi tunaona kwamba historia ya magari yaliyopita barabara ile haikubali moja wala jingine.

Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya hadi kwenye taa au stata, lakini aghalabu haurudi kwa waya wa pili. Hurudi kwa kupitia chuma cha bodi, injini na chasisi. Njia hiyo ya kurudia ndiyo ethi. Haina uhusiano wowote na udongo, maana gari husimama juu ya mipira. Zamani telegrafu zilitumia udongo wenyewe kurudishia umeme, na Waingereza wakaendelea kutaja ardhi hata pale ambapo ardhi haimo. Wajerumani husema Masse na Waitaliano massa, yaani bonge la chuma lenyewe. Na kwa maoni yetu hao walichagua vizuri zaidi.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia mafuta na shaba. Barabara ya vumbi ya Iringa, Mbeya na Tunduma, ambayo wageni waliipa jina la Njia ya Jehanamu, ikajaa malori. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, iliyotumia malori ya Fiat kutoka Italia. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa hiyo fundi wa wakati ule aliweza kukutana na lori la Kiitaliano asubuhi na Land Rover ya Kiingereza jioni.

Hapo ndipo neno hasi linapoanguka. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi. Land Rover zilibadilishwa kuwa hasi mwaka 1967. Anayefundishwa kwamba ethi maana yake ni hasi, kisha akaletewa gari la zamani, atafunga betri kinyume. Akifanya kosa hilo kwenye gari lenye alternata, ataunguza daiodi zake mara moja.

Neno ardhi lina hatari kubwa zaidi. Lori la petroli linapoteremsha mafuta, huunganishwa kwa waya na udongo hasa, ili umeme tuli usiruke cheche. Tukiviita vitu viwili kwa jina moja, tutakuwa tumempa dereva maelekezo yenye mashaka akiwa amesimama kando ya petroli.

Kosa la rasimu yetu wenyewe tulilishuhudia katika gereji moja ya Mbeya. Ilikuwa asubuhi ya Julai, na baridi ya huko msomaji anaijua: oili huwa nzito, na stata hudai umeme mwingi. Pikapu iliyoletwa ilikuwa ikitoa mlio tu bila kuwaka, na breki ilipokanyagwa taa za indiketa nazo zilimulika kwa unyonge. Mwanafunzi alisoma karatasi yetu, "kagua waya wa ardhi", akainama kutazama chini ya magurudumu. Fundi mkuu hakubishana naye. Alishika ncha moja ya voltimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye injini, akaamuru ufunguo uzungushwe. Mita ilionyesha karibu volti mbili, wakati haifai kuzidi nusu volti. Injini hukaa juu ya mipira yake, hivyo huhitaji waya mpana wa kuiunganisha na chasisi. Na waya huo ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti. Umeme, kwa kukosa njia, ulikuwa umepita kwenye kebo ya choki, nayo ilikuwa ya moto hata haishikiki. Waya ukabadilishwa, chuma kikapigwa msasa, bolti ikakazwa na kupakwa grisi, na gari likawaka.

"Ethi ilikuwa haishiki," ndivyo fundi alivyoeleza, na hatujapata maneno bora ya kuutaja ubovu huo. Kwa hiyo katika orodha yetu tumeandika ethi kwa njia ya kurudia umeme garini, iwe hasi au chanya. Kwa lori la mafuta tumependekeza "waya wa kuteremshia umeme udongoni". Ni maneno mengi, tunakiri, lakini dereva wa kwanza tuliyemsomea alituonyesha papo hapo mahali unapofungwa.