Serikali ya Jimbo na Chama Tawala: Suala la Uwajibikaji katika Katanga, 1960-2015

Neno uwajibikaji limeenea katika hotuba za watawala wetu, na wasikilizaji wengi hudhani kwamba limetokana na jibu. Kwa asili sivyo. Wajibu na jibu yana mizizi miwili tofauti ya Kiarabu: la kwanza lahusu lazima, la pili lahusu jawabu. Hata hivyo dhana hiyo ya wasikilizaji ina hekima yake, kwani serikali inayowajibika ni ile inayojibu inapoulizwa. Basi swali la mwanahistoria ni hili: katika serikali ya jimbo, muulizaji ni nani, naye ana uwezo gani wa kudai jibu? Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata mfano wa Katanga.

Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 iliipatia Kongo majimbo sita, kila moja likiwa na bunge na serikali yake. Katika bunge la Katanga, lenye viti 60, chama cha CONAKAT kilipata viti 25, na wapinzani wake wa Karteli ya BALUBAKAT viti 22. Sheria ilitaka theluthi mbili za wabunge wahudhurie ndipo serikali ichaguliwe. Karteli ikasusia kikao, na uchaguzi ukakwama. Yafaa kutambua kwamba kanuni hiyo, ijapokuwa ilikuwa ngumu, ilizilazimisha pande mbili kusikilizana. Katikati ya Juni 1960 Bunge la Ubelgiji liliirekebisha sheria, mahudhurio ya theluthi mbili yasihitajiwe tena. Moïse Tshombe akaunda serikali iliyotawaliwa na CONAKAT na washirika wake. Tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga kwa Katanga, na kodi za Union Minière, zilizokuwa nguzo ya hazina ya Kongo nzima, zikabaki Elisabethville. Hivyo jimbo lilishika fedha zake lenyewe, lakini serikali iliyozishika ilikuwa imezaliwa bila ridhaa ya wapinzani wake, na upande wa kaskazini ukaingia vitani nayo. Kujitenga huko kulikoma Januari 1963.

Utawala wa Mobutu, ulioanza tarehe 24 Novemba 1965, ulipita njia ya kinyume. Majimbo, ambayo yalikuwa yamefikia 21 bila kuhesabu mji mkuu, yalipunguzwa mwaka 1966 hadi 12, kisha 8. Mabunge ya majimbo yakapoteza madaraka yake, na magavana wakawa watumishi wa serikali kuu, waliopelekwa kwa kawaida nje ya jimbo lao la kuzaliwa. Nia ilikuwa kukata upendeleo wa kikabila, na nia hiyo haikukosa msingi. Lakini kilichokatwa pia ni kamba iliyomfunga mtawala kwa watawaliwa. Baada ya MPR kuanzishwa mwaka 1967 na kufanywa chama cha pekee, kamishna wa mkoa, hata wa Shaba kama Katanga ilivyoitwa, alikuwa pia mwenyekiti wa chama mkoani. Mwenye kutoa hesabu na mwenye kuidai wakawa mtu mmoja. Sheria ya tarehe 25 Februari 1982 juu ya ugatuzi iliunda mabaraza ya mashinani, ila yote yalibaki ndani ya chama hichohicho.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ilijaribu kuirudisha kamba hiyo. Gavana anachaguliwa na bunge la jimbo, nalo laweza kumwondoa. Kifungu cha 175 kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayopatikana jimboni yabakizwe humohumo, palepale yanapokusanywa. Hapa yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, katika utekelezaji, kubakiza kuligeuka kuwa kurudisha: fedha zilipanda Kinshasa, kisha sehemu yake ikateremka. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili si ndogo. Anayebakiza ana haki. Anayerudishiwa husubiri hisani, na anayesubiri hisani haulizi sana. Pili, marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yalimpa Rais wa Jamhuri uwezo wa kulivunja bunge la jimbo na kumwondoa gavana pale penye mgogoro mkubwa usiokwisha. Tangu hapo gavana alikuwa na mabwana wawili, naye alijua yupi mwenye nguvu zaidi.

Mwaka 2015 ulilidhihirisha jambo hilo. Katanga iligawanywa katika majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Moïse Katumbi, gavana tangu 2007, alijiuzulu mwezi Septemba na kukiacha chama cha Rais, PPRD. Mwezi uliofuata majimbo mapya yaliwekewa makamishna maalumu walioteuliwa na Rais, hadi magavana walipochaguliwa Machi 2016. Jina kamishna lilirudi, na pamoja nalo ule utaratibu wa kuwajibika juu badala ya chini.

Kwa kifupi, Katanga imejaribu fedha bila wapinzani bungeni, kisha chama bila bunge, kisha bunge lenye kivuli cha ikulu. Kuongeza majimbo hakukutosha, wala kuongeza mapato hakutatosha. Kanuni ya madini ya mwaka 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na asilimia 15 wilaya na miji yenye machimbo. Ni hatua njema, lakini swali letu la kwanza lipo palepale: nani atauliza?

Ndipo kazi yetu sisi wanalugha inapoanza. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaiagiza serikali izieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, katika muda wa siku 60. Agizo hilo halijawa desturi. Mchuuzi wa soko la Kenya, Lubumbashi, anayelipa ushuru kila asubuhi, hawezi kuuliza juu ya bajeti asiyoweza kuisoma. Kuitafsiri bajeti ya jimbo kwa Kiswahili sanifu kinachoeleweka ni kazi ya kitaaluma. Tena ni kumpa muulizaji ulimi.