Baiskeli, Siha na Mpaka wa Nguvu za Mwili

Tangu John Kemp Starley alipotoa katika mji wa Coventry, Uingereza, mnamo mwaka 1885, baiskeli yenye magurudumu yaliyokaribiana ukubwa, ikiendeshwa kwa mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma, chombo kile kilichokuwa hapo awali, kwa urefu wake, mchezo wa vijana wasiohofu kuanguka kutoka juu kikawa cha watu wote, wanawake kwa wanaume. Na matabibu wa zama zile wakahitilafiana, hawa wakikisifu kuwa chaifaidi siha, na wale wakionya kwamba kitamdhuru mwanamke na kumharibu hata sura ya uso.

Faida ya kuushughulisha mwili ilipata ushahidi wenye nguvu mwaka 1953, pale tabibu Jerry Morris na wenzake walipotangaza uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London, ikabainika ya kwamba makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini.

Walakini tarehe 13 Julai 1967, katika mashindano ya baiskeli ya Tour de France, Mwingereza Tom Simpson alianguka akafariki akiupanda mlima Mont Ventoux katika jua kali, na mwilini mwake ikaonekana amfetamini, dawa ifichayo uchovu, nao uchovu ndio onyo la mwili kwa mwenyewe. Mazoezi ya kila siku, kwa kiasi, huurefusha umri. Adui wa mazoezi hayo ni ushindani usiokubali kupumzika.